Haki ya Mvumbuzi na Haki ya Mgonjwa

Katika gazeti hili la shule tumezoea kusoma habari za michezo, midahalo na safari za wanafunzi. Leo namwomba Mhariri anipe nafasi niseme juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana kuwa ni kazi ya mawakili wa mijini, lakini kwa kweli lagusa kila nyumba kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Jambo lenyewe ni hataza za dawa. Nataka kuonyesha kwamba nchi yetu imepewa ruhusa kubwa katika jambo hili, kwamba ruhusa hiyo ina mwisho wake, na kwamba yatupasa kuitumia kabla mlango haujafungwa.

Kwanza yafaa tujue hataza ni kitu gani. Hataza ni hati ambayo Serikali humpa mtu aliyevumbua kitu kipya, kusudi mtu mwingine asikitengeneze wala asikiuze bila idhini yake kwa muda uliowekwa. Tufanye mfano. Mvuvi mmoja wa Liuli amebuni taa ya kuvulia usipa ambayo haijapata kuonekana popote duniani. Akipewa hataza, basi kwa miaka 20 mafundi wengine wote hawana ruhusa ya kuunda taa ile mpaka yeye apende na walipe anachotaka. Bei huipanga mwenyewe, maana hana mshindani sokoni. Jambo hili si baya. Mtu huyu alikesha, alitumia fedha zake, alijaribu akashindwa, akajaribu tena. Ni haki apate faida ya jasho lake. Tena, muda ule ukiisha, maarifa yake huwa ya watu wote. Kwa hiyo hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na umma: yeye hupata faida kwa muda, nao umma hupata maarifa daima.

Sasa tuseme njaa imeingia katika vijiji vya ufukoni, na taa ile ndiyo tegemeo, naye mwenyewe aiuza kwa bei ambayo wavuvi hawaiwezi. Serikali yaweza kumwambia: "Ndugu, hataza yako ni yako, hatukunyang'anyi. Lakini mafundi wa Mbamba Bay nao wataunda taa hii, na kwa kila taa watakayouza watakulipa sehemu yako." Hiyo ndiyo iitwayo leseni ya lazima. Wako watu wanaosema kwamba ni wizi. Si wizi hata kidogo, kwa sababu mwenye mali hulipwa, na mapatano ya dunia yenyewe huiruhusu. Ni sheria kukumbuka kwamba kuna njaa.

Tukitoka katika mfano wa taa na kuingia katika dawa, tutaona jinsi bei inavyoweza kuwa ukuta kati ya mtu na uzima wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikwisha kupatikana Ulaya na Marekani, na wagonjwa wengi wa huko wakaanza kurudi kazini kwao. Lakini matibabu ya mtu mmoja kwa mwaka yalipita dola 10,000. Ni mkulima gani wa kahawa wa Mbinga, hata angeuza mavuno ya shamba lake lote, angeweza kulipa fedha hizo kila mwaka mpaka mwisho wa maisha yake? Dawa zilikuwako, na watu walikufa.

Mwezi wa Februari 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilitangaza kwamba kingeuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 tu kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mtu atauliza, iliwezekanaje? Jibu ni kwamba sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970 haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, ila kwa njia ya kuitengenezea. Fundi aliyegundua njia nyingine ya kuifikia dawa ile ile hakuwa amevunja sheria. Hivyo viwanda vingi vilijifunza kazi, vikashindana, na bei ikashuka. Tanzania ilianza mpango wake wa kutoa dawa hizi bure mwezi wa Oktoba 2004. Kufika mwaka 2023, bei ya dawa bora zaidi kuliko zile za kwanza, kidonge kimoja kwa siku, ilikuwa chini ya dola 45 kwa mwaka kwa nchi zinazonunua kupitia Mfuko wa Dunia. Kutoka dola 10,000 mpaka dola 45! Wenzetu wengi wa rika langu wamelelewa na mama zao wenyewe kwa sababu ya kushuka huko.

Mwezi wa Novemba 2001 mawaziri wa nchi za Shirika la Biashara la Dunia walikutana Doha. Walitangaza kwamba mapatano ya hataza hayapaswi kuzizuia nchi kulinda afya za watu wao, na kwamba kila nchi ina haki ya kutoa leseni za lazima na kuamua yenyewe sababu za kuzitoa. Majirani zetu hawakukawia sana. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Serikali ya Msumbiji ilitoa leseni ya lazima ya dawa za UKIMWI mwezi wa Aprili 2004, na malipo ya wenye hataza yakawekwa yasizidi asilimia 2 ya mauzo. Zambia ilifanya vivyo hivyo mwezi wa Septemba mwaka ule ule, na malipo yasizidi asilimia 2.5. Kenya haikufika huko, lakini kisa chake chafundisha zaidi. Kiwanda cha Cosmos cha Nairobi kiliomba leseni ya lazima, na mwaka 2004 wenye hataza wakaona ni heri kutoa leseni kwa hiari yao. Fimbo ilionekana tu, haikupiga, na kazi ikafanyika.

Hapa ndipo penye funzo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Haki iliyoandikwa Doha au Geneva haimsaidii mgonjwa wa Litembo mpaka iwe imeandikwa katika sheria zetu wenyewe, na mpaka wawepo watu wanaojua kuitumia. Tukumbuke habari ya Rwanda. Nchi hiyo haikuwa na kiwanda chake, kwa hiyo mwaka 2007 iliarifu kwamba ingependa kununua dawa za UKIMWI kutoka kiwanda cha Apotex cha Kanada, kwa njia ya leseni ya lazima iliyowekwa kwa ajili ya nchi zisizo na viwanda. Hati zilikwenda na kurudi, na shehena ya kwanza ilifika mwaka 2008, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Ugonjwa haungoji mihuri. Uganda ilishika njia nyingine: ilishirikiana na Cipla, na mwaka 2007 kiwanda kikafunguliwa Luzira, Kampala. Leo wenzetu hao hawana tu karatasi ya haki, bali wana na mikono inayojua kazi.

Sasa nije kwenye ruhusa niliyoitaja mwanzoni. Nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo madogo zaidi duniani, na Tanzania ni mojawapo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara la Dunia zisitoe hataza za dawa wala kuzilinda. Kwanza ruhusa hiyo ilikuwa mpaka mwaka 2016. Mwezi wa Novemba 2015 ikaongezwa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Maana yake ni kwamba kwa wakati huu nchi kama yetu yaweza kutengeneza au kununua dawa yoyote kutoka kiwanda chochote kilicho bora, pasipo kuomba radhi kwa mtu. Zanzibar iliiandika ruhusa hiyo katika Sheria yake ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2008. Uganda iliiandika katika sheria yake ya mwaka 2014. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilitoa sera mwaka 2013 ikizihimiza nchi zote wanachama zifanye hivyo. Lakini Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1987. Ilitungwa kabla mapatano hayo hayajazaliwa, kwa hiyo haingeweza kuiandika ruhusa ambayo haikuwapo. Ina vifungu vya leseni ya lazima, nalo ni jambo jema, lakini vifungu hivyo ni mlango wa nyuma, ilhali mlango wa mbele uko wazi.

Tena mlango huo waweza kufungwa mapema kuliko mwaka 2033. Ruhusa ni ya nchi zilizo katika orodha ile tu. Nchi ikipanda na kutoka katika orodha, ruhusa nayo hukoma. Mwaka 2024 Kamati ya Umoja wa Mataifa iliyofanya hesabu iliona kwamba Tanzania, pamoja na Rwanda na Uganda, imetimiza kwa mara ya kwanza vipimo vya kutoka katika orodha hiyo. Hesabu hufanywa kila baada ya miaka mitatu, na nchi ikitimiza vipimo mara mbili mfululizo yaweza kupendekezwa kutoka. Kupanda ni heshima, na kila Mtanzania apaswa kufurahi. Lakini mtoto anayeambiwa kwamba karibu atatoka nyumbani kwa baba yake, je, hajifunzi kwanza kupika na kulima? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Najua yapo mapingamizi, na si haki kuyapita kimya.

Wa kwanza watasema: tukiwapunguzia wavumbuzi faida, nani atatafuta dawa mpya? Swali hili ni zito. Lakini tutazame faida hiyo imekuwa ikiwaelekeza wapi. Kati ya mwaka 1975 na 1999 dawa mpya 1,393 zilitolewa duniani. Kati ya hizo, 16 tu ndizo zilizokuwa za magonjwa ya nchi za joto na kifua kikuu. Wavumbuzi hufuata soko, na maskini si soko. Tena historia yatuonyesha kwamba si kila mvumbuzi husukumwa na fedha. Banting na wenzake wa Kanada waliiuza haki ya insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja. Na hapa kwetu, babu zetu Wamatengo walivumbua kilimo cha ngoro, yale mashimo yanayoshika maji na udongo katika miteremko mikali ya Mbinga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Japani walikuja kukisoma, wala hawakudaiwa hata senti moja. Sisemi mvumbuzi asilipwe. Nasema alipwe kadiri ya haki, si kadiri ya hofu ya mgonjwa.

Wa pili watasema: dawa rahisi ni dawa bandia. Hili ni kosa la kuchanganya mambo mawili. Dawa bandia ni ile inayodanganya juu ya kilichomo au juu ya mtengenezaji wake, nayo yastahili kuchomwa moto. Dawa iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa ukweli, ikapimwa na kupasishwa, si bandia. Kenya ilitunga sheria ya kuzuia bidhaa bandia mwaka 2008, na maneno yake yakawa mapana hata yakatishia dawa halali za bei nafuu. Wagonjwa watatu wenye virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba haki ya uhai na afya ya wagonjwa ni kubwa kuliko haki ya hataza. Kwetu kazi ya kupima ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kadiri tunavyotaka dawa rahisi, ndivyo tunavyopaswa kutaka mamlaka hiyo iwe na maabara nzuri na macho makali.

Wa tatu watasema: mbona twapewa dawa bure? Kweli twapewa, na shukrani ni wajibu. Wengi wetu tuliokulia ufukoni tunakumbuka shule ya msingi, tulivyopimwa urefu kwa fimbo na kumezeshwa vidonge vya kichocho. Dawa ile, praziquantel, ilitolewa na viwanda vya Bayer na Merck vya Ujerumani katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha Shin Poong cha Korea Kusini kiligundua njia nyingine ya kuitengeneza, na ushindani ukaishusha bei. Tangu mwaka 2007 Merck huitoa bure kwa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watoto wa Afrika. Ni wema mkubwa. Lakini zawadi hukaa katika mkono wa mtoaji. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na nchi nyingi za Afrika ziliingiwa na wasiwasi juu ya dawa za UKIMWI za wagonjwa wao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hata leseni za hiari zina sura hiyo ya zawadi. Lenacapavir ni sindano mpya inayopigwa mara mbili kwa mwaka kumkinga mtu asiambukizwe virusi. Nchini Marekani bei yake ni kama dola 28,000 kwa mwaka. Kampuni ya Gilead iliruhusu viwanda sita, mwaka 2024, kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120, na mwezi wa Septemba 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia mwaka 2027 itauzwa kwa dola 40 katika nchi hizo. Twafurahi. Lakini orodha ya nchi aliichagua mwenye hataza, na Brazili iliachwa nje. Leo tumo katika orodha ya dawa hii. Nani ajuaye kesho juu ya dawa ya saratani au ya kisukari?

Tusidanganyane, lakini. Si kila dawa inayokosekana zahanati imezuiwa na hataza. Dawa za maumivu, za homa na za vidonda tunazozitumia kila siku ni za zamani, na hataza zake zilikwisha kitambo. Hizo zikikosekana, shida ni fedha, au kuchelewa kuagiza, au barabara ya masika. Kubadili sheria hakutaziba shimo la barabara. Lakini magonjwa ya saratani, kifua kikuu sugu na kisukari yanaongezeka, na dawa zake mpya ndizo zenye hataza. Mwaka 2012 India ilitoa leseni ya lazima ya dawa moja ya saratani, na bei ikashuka kutoka kama rupia 280,000 kwa mwezi mpaka rupia 8,800, huku mwenye hataza akilipwa asilimia 6 ya mauzo. Mgonjwa wa saratani wa Nyasa naye ni mtu.

Basi tufanye nini? Kwanza, Bara ifuate mfano wa Zanzibar na kuiandika ruhusa ya dawa katika sheria yake. Wabunge wetu huja majimboni, na wazazi wetu huwauliza juu ya barabara na pembejeo za kahawa. Wawaulize na hili. Pili, nchi za Afrika Mashariki zinunue dawa pamoja na kugawana kazi za viwanda, maana kiwanda kinachouzia nchi moja hulemewa, na kinachouzia Jumuiya nzima hupata nguvu. Tatu, na hili latuhusu sisi wanafunzi hasa, tusome Kemia na Biolojia. Katika shule nyingi wanafunzi huyakimbia masomo haya kwa kuwa ni magumu. Lakini leseni haitengenezi kidonge. Korea haikuishusha bei ya dawa ya kichocho kwa hotuba. Iliishusha kwa watu waliokaa maabara mpaka wakapata njia.

Ndugu wasomaji, mvumbuzi ana haki yake na mgonjwa ana haki yake. Mbili hizi zinaweza kukaa nyumba moja, mradi sheria iwe na busara ya kujua ni nani anayeweza kungoja na ni nani asiyeweza. Ruhusa tunayo, miaka iliyobaki ni michache, na hakuna atakayekuja kutuamsha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne